Mienge Saba ya Njia ya Chooni

Baba alikataa ndoo ya chumbani. Alisema bado ana miguu yake, atakwenda chooni mwenyewe, na kuanzia hapo nikajipa kazi ya kumwangazia uani.

Nyumba yetu ya Msanzi ina sola ya balbu mbili, zote za ndani. Basi nilikata mianzi, nikaipasua ncha, nikabana kopo la nyanya kwenye kila mmoja. Ndani ya kopo nilijaza majivu yaliyolowana mafuta ya taa, maana majivu hunywa mafuta na kuyaachia polepole. Tambi nilizitoa kwenye blanketi kuukuu. Mienge saba, kutoka mlangoni mpaka chooni. Nilijivuna, sitaficha.

"Unaonaje, baba?"

"Naona vizuri, mama. Kama mchana."

Kaka yangu anayeishi Sumbawanga mjini alikuwa akinisumbua kwa simu nimpeleke mzee kwa daktari wa macho. Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye yuko mbali, mimi ndiye ninayekaa na baba, na shida yake ni giza tu. Tuvune ulezi kwanza, nikasema. Tukavuna, tukapura, tukahifadhi, na bado sikumpeleka.

Jioni moja upepo wa Julai ulizima mienge yote kwa mkupuo. Nikakimbilia jikoni kuchukua kijinga cha moto. Niliporudi, baba alikuwa tayari katikati ya njia, gizani, mkono mmoja ukipapasa ua wa mabua, midomo ikihesabu hatua. Akasikia nyayo zangu.

"Leo umewasha vizuri sana," akasema. "Naona mpaka bandani."

Kijinga kiliniponyoka. Miezi yote ile alikuwa akinisifu ili nisijione nafanya kazi bure, nami nilizipokea zile sifa nikalala usingizi wangu. Nilijichukia usiku kucha.

Daktari mjini alimulika jicho la kwanza, kisha la pili. Akasema ni presha ya macho, mshipa umeshakufa, na kwamba tungewahi angeweza kuokoa hata jicho moja. Akanigeukia mimi.

"Mlikuwa wapi muda wote huu?"

Baba akanijibia.

"Usimgombeze binti yangu, daktari. Huyu kila jioni alikuwa ananiwashia taa."