Gundi ya Ndani ya Mkono wa Baba

Baba ni fundi viatu hapa Kabiro, na kwa mambo ya gundi haambiliki. Siku kisu cha kukatia soli kilipoteleza kikamchana kifundo cha mkono wa kulia, daktari alimtibu vizuri kabisa, ila alikosea kitu kimoja: alitaja gundi.

Mshipa wa fahamu alikuwa ameshaushona. Lakini gumba na vidole viwili jirani vilikufa ganzi. Ungeviuma, Baba angekuuliza unatafuta nini. Na fundi asiyesikia sindano hashoni kiatu, anajishona.

"Uzi wangu umeshika nje tu, mzee," daktari alisema. "Ndani mshipa utaota upya mpaka kwenye vidole. Seli zina molekuli juu yake, ni kama gundi. Ncha ya mshipa inashika seli ya jirani, inajivuta mbele, inashika nyingine. Kwa siku inaenda unene wa kucha."

Baba akasikia gundi tu. Plasta ilipotolewa, akaufunga mkono kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kama anavyofunga soli, akaulaza juani na jiwe juu yake. Saa kumi vidole vilikuwa rangi ya biringanya.

"Wee mzee," Mama akasema, "huo ni mkono ama kiatu cha akala?"

"Gundi isiyobanwa inafumuka, mama."

Tukarudi hospitali mbio. Daktari alikata zile tyubu. "Mzee! Hii haikauki! Inashika na kuachia, na inataka damu!"

"Gundi inayoachia," Baba aliniambia njiani, "mimi huirudisha dukani."

Nikapewa kazi na daktari: kila jioni Baba afumbe macho, mimi nimguse vidole kwa kitu chochote, yeye aseme ni nini. Kazi tamu! Lakini mzee alikuwa mwizi wa mtihani.

"Nasikia! Pamba hiyo!"

Mimi niko mlangoni, nakula mkate.

Miezi ikapita hivyo. Jioni moja nikamkuta akihangaika kutunga uzi kwa mkono wa kushoto. Hakugeuka. "Hii kitu isiposhika," alisema, "nitauza nyundo." Siku hiyo nilimtungia uzi bila utani.

Jumamosi moja, mwezi wa saba hivi tangu ajikate, Mama alishinda akiua mende nyumba nzima. Nikamwokoa mmoja. Baba akafumba macho, nami nikamweka huyo mende katikati ya gumba na kidole.

Halafu Baba akaruka juu ya benchi.

"Ina miguu! Kijana, inatembea! Ina miguu!"

Mende akaanguka, akatoweka. Nikajiandaa kutoroka, lakini Baba alikuwa ameziba mlango, machozi yanamtoka.

"Ameenda wapi? Mrudishe! Nataka kusikia tena!"

Mama akaingia na kiatu mkononi, tayari kuponda.

"Ukimuua utanitambua!" Baba akafoka.

Basi watu watatu wazima tukapiga magoti, tukapekua masanduku, tukainua godoro.

"Nimepata mwingine," Mama akasema kutoka chini ya kitanda. "Mnene zaidi. Huyu atafaa?"