Tangi Langu la Kwanza la Mbuna

Nilikuwa nimefundisha baiolojia miaka minne katika sekondari moja pale Mbinga nilipoamua kufuga samaki ndani ya nyumba. Si samaki wa kula. Nilitaka mbuna, wale wadogo wa buluu na njano wanaoishi kwenye mawe ya ziwa. Kwetu Lipingo, kijiji cha ufukweni, tuliwaona kila tulipokwenda kuchota maji, na hakuna aliyewajali.

Kilichonitia wazimu huo ni safari ya likizo. Wakati huo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Mlimani Mbinga watu binafsi walinunua kahawa, na huko ziwani nilikuta mfanyabiashara ameweka kambi ufukweni, ana wazamiaji wake, ananunua mbuna hai wapelekwe Ulaya kwa ndege. Kijiji kizima kilimcheka. Mimi nilisimama mbele ya tangi lake la kioo, nikashindwa kuondoka. Maisha yangu yote nilikuwa nimemtazama mbuna kutoka juu, namjua mgongo tu. Siku ile nilimwona ubavu, na mistari yake, na jicho linalozunguka likinitazama.

Niliporudi Mbinga nilikwenda kwa fundi vioo karibu na soko. Nilimchorea sanduku lisilo na mfuniko.

"La kuuzia maandazi?" akaniuliza.

"La kufugia samaki."

Aliniangalia kidogo, kisha akakata vioo bila kuuliza tena. Gundi ya silikoni niliipata dukani, maana maduka yetu yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo zamani hata Songea uliviona kwa bahati. Niliunganisha mwenyewe. Mara ya kwanza lilivuja hadi mkeka ukaloa. Nikakwangua gundi yote kwa wembe nikaanza upya, na mara ya pili halikutoa hata tone.

Umeme wa uhakika hatukuwa nao, kwa hiyo pampu ilikuwa ndoto. Nilitoboa kitako cha ndoo ya plastiki, nikaijaza changarawe, nikaunga mpira wa dripu, nikaiweka kwenye rafu juu ya tangi. Asubuhi, mchana na jioni nilichota maji ya tangi kwa jagi, nikayamimina ndooni, nayo yakachuja taratibu na kudondoka tena chini. Tangi lenyewe nililiweka kwenye ukuta wa jikoni wenye joto, maana baridi ya Mbinga si ya samaki wa ziwani. Usiku nililifunika blanketi na kuzamisha chupa ya maji ya moto.

Mawe niliyachemsha. Changarawe niliiosha hadi ikang'aa. Nilijiona mtu safi sana.

Nilileta mbuna sita kwa dumu lililokatwa mdomo, nimekaa nalo mapajani ndani ya gari la mizigo lililopanda milima kwa kukoroma. Walifika wote wazima. Siku ya tatu walianza kuhema juu juu, midomo imegusa uso wa maji. Siku ya nne walikufa wawili. Kufikia Jumapili hakuna aliyebaki.

Jumatatu, mwalimu mwenzangu wa hisabati alinikuta mlangoni. "Mwalimu, nasikia jana mlikula vizuri!" Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, lakini nilikwenda kukaa maabara peke yangu mpaka kengele ilipolia.

Nilipopata nafasi nilishuka tena ziwani. Mfanyabiashara hakuwepo. Nilimkuta mmoja wa wazamiaji wake, mtu wa makamo, anaanika nyavu. Nilimweleza yote.

"Dada, maji yako ni mabichi," akasema.

"Mabichi vipi? Nilitumia maji masafi ya bomba, na mawe niliyachemsha."

"Ndiyo maana. Sisi hatutii samaki kwenye tangi jipya. Tunachukua mawe yenye utelezi kutoka ziwani, hatuyaoshi. Tunayaacha humo mwezi na zaidi, tunatupia chakula kidogo kila siku kana kwamba samaki wamo. Maji yatachafuka, yatanuka. Subiri. Siku moja utakuta yametulia yenyewe. Hapo weka samaki mmoja. Mmoja tu."

"Kwa nini inakuwa hivyo?"

"Hilo sijui. Mimi nazamia tu."

Nilikuwa njiani kurudi, gari limesimama injini ipoe, jibu liliponijia. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa sumu nyingine, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa kitu kisichodhuru sana. Ulikuwa ni mzunguko wa naitrojeni! Nilikuwa nimeuchora ubaoni miaka minne mfululizo, na mishale yake na mizizi ya maharage, na wanafunzi wangu waliufaulu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewachemsha wale bakteria jikoni kwangu nikiita usafi. Niliona aibu, na papo hapo nikafurahi hadi abiria wa jirani akaniuliza kuna nini.

Safari hii nilileta mawe tu, yamefungwa kwenye gunia lililoloa. Nilitupia kipande cha usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kila asubuhi ndani ya tangi lisilo na kitu. Wageni waliuliza samaki wako wapi, nikawajibu, "Bado maji yanaiva." Wiki ya pili yalikuwa meupe kama maji ya mchele na yalinuka. Wiki ya nne utando wa kahawia ukatanda kwenye kioo. Wiki ya saba niliamka nikakuta maji maangavu, hayana harufu isipokuwa ile ya ziwa asubuhi.

Nilishuka ziwani nikarudi na mbuna mmoja, nikamweka. Alikula. Baada ya wiki mbili nikaongeza wanne, na hakuna aliyehema juu juu. Muhula ule somo la naitrojeni nililifundishia nyumbani kwangu, wanafunzi kumi kumi, na mwalimu wa hisabati akaja na kundi la mwisho, akasimama nyuma, mikono mgongoni.

Kisha mama alipanda kunitembelea. Wakati huo samaki mmoja jike alikuwa amegoma kula karibu wiki tatu, kidevu kimemvimba, nami nilishaamini anaumwa. Nilikuwa nimeandaa bakuli la kumtenga.

Mama aliweka mzigo wake chini, akainama mbele ya kioo. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Usimtoe," akasema. "Huyu ana watoto mdomoni. Walionasa nyavuni tulikuwa tukiwapasua, tunakuta midomo imejaa watoto tele."

Nilijua kutoka vitabuni kwamba wako samaki wa namna hiyo. Kumtambua aliye mbele yangu ndiko kulikonishinda.

Siku mbili baadaye, tukiwa tunakunywa chai, mama aliweka kikombe chini akanishika mkono. Yule jike alikuwa amejisogeza karibu na jiwe, amefungua mdomo, na vitu vidogo kama punje za mchele vikawa vinatoka kimoja kimoja, vinasimama majini, vinatikisa mikia. Tulihesabu, tukapoteza hesabu, tukaanza tena. Mama alisema ni kumi na tisa, mimi nikasema kumi na saba.

Hakusubiri tumalizane. Alijifunga kitenge vizuri, akatoka uani, akawaita majirani zangu, wakulima wa kahawa waliomjua samaki wa ziwa akiwa mkavu tu. Kiswahili chake hakikuwa kirefu, lakini siku ile kilitosha.

"Njooni muone," alisema. "Mbuna wamezaa huku mlimani. Mwanangu ndiye aliyewatengenezea maji."

Wakaja, wakavua viatu mlangoni.