Kanga niliyomvisha Mama Inga bila kuisoma

Jamani, leo nusura niwaaibishe Waswahili wote wa Stockholm.

Tulikuwa ukumbini Tensta, tunamtuza Mama Inga. Yeye ni wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi hii, na ndiye aliyetupigania mpaka watoto wetu wakapata darasa la Kiswahili.

Mimi nilipewa kazi moja tu: kumvisha kanga.

Nikamvisha. Vigelegele vikakatika ghafla.

Rafiki yangu Zuhura akaninong'oneza, "Shoga, umeisoma hiyo kanga?"

Wapi! Niliivuta kabatini mbiombio kwa sababu rangi zake zinaendana na vazi lake la Kisami. Nikachungulia mgongoni:

MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA

Mtu kaja kuheshimiwa, mimi namvisha mipasho! (Nani mwingine yamemkuta haya? Msiniache peke yangu.)

Mama Inga akauliza kwa Kiswidi, "Imeandikwa nini?"

Ningedanganya, lakini ukumbi mzima unajua kusoma. Nikamtafsiria huku jasho linanitoka, na baridi yote hii.

Nikaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Kisha akasema, "Nilipokuwa mdogo, shuleni walinisema kwa sababu ya lugha yangu, nguo zangu, kila kitu. Kumbe jibu mlikuwa nalo nyinyi?"

Akachomoa pini yake ya fedha, akaibana kanga kifuani isidondoke. Vigelegele vikarudi, na roho yangu pia.

Akanigeuzia mgongo. "Maandishi yanaonekana vizuri?"

Yanaonekana, Mama. Mpaka Spånga, mtaa wa pili, yanasomeka.