Nilimwamkia manamba jukwaani, nusura ninyang'anywe unyapara

Wakuu, salamu kutoka Kilosa.

Haya yamenikuta mwenyewe, na wenzangu wa kikundi wamo humu. Nikitia chumvi watanisuta. Niliishia darasa la saba na ni mzito wa kuandika, mnivumilie.

Tuna kikundi cha sanaa pale Mabwerebwere. Msimu huu kila Jumamosi tuna onyesho: ngoma, kwaya, vichekesho, na mchezo mmoja mrefu kuhusu mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza.

Huo mchezo ndio ulioniponza.

Kiongozi wetu, Dada Rehema, alinipa niigize nyapara, yule msimamizi aliyekuwa akiwasukuma manamba, wale vibarua wa mkataba, wakate mkonge. Mimi ni mtu wa aibu. Hata dukani nasubiri wateja waishe ndipo niagize. Miaka miwili nilikuwa kwaya, mstari wa nyuma. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa maneno ya kusema peke yangu, na niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Siku za kwanza sauti haikutoka.

"Dogo, manamba wangempata nyapara kama wewe wangelala mpaka saa nne," Dada Rehema alisema. Watu wakacheka.

Wiki ya pili nikazoea. Nilifanya mazoezi na Side, rika langu, namfokea mpaka anajifuta mate. Side alikuwa anamshikia tu nafasi Mzee Komba, anayeigiza manamba, ambaye alikuwa Lumuma anavuna vitunguu.

Siku ya onyesho la kwanza gari alilopanda Mzee Komba liliharibika njiani. Alifika mchezo umeshaanza, akavalishwa gunia upande wa pili, akaingia jukwaani moja kwa moja.

Sasa wakuu, nilikuwa sijamtia machoni karibu mwezi. Mzee kapita miaka sabini. Anaingia kainama, kabeba mzigo wa majani ya mkonge. Natakiwa niuangushe kwa fimbo niseme, "We mbwa, mzigo gani huu!"

Fimbo ikashuka.

"Shikamoo mzee."

Na yeye kwa mazoea, "Marahaba baba, hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Ukumbi ulilipuka. Mtu huko nyuma akapaza sauti, "Nyapara, mpokee basi na mzigo!"

Pale kuna watu ambao babu zao waliletwa kama manamba. Walikuwa wanatazama kwa uchungu, mimi nikawageuzia kilio kuwa kichekesho. Sikumbuki nilimalizaje.

Dada Rehema hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. "Jumamosi ijayo tuko Mikumi. Ukirudia, Side anachukua, wewe unarudi kwaya."

Wiki ile nilikuwa najifungia bafuni nasema "we mbwa, we mbwa", mpaka mama akauliza nagombana na nani.

Ijumaa nikamfuata Mzee Komba, nikamwambia ukweli kwamba siwezi kumtukana.

"Baba yangu alikuwa manamba kweli," akasema. "Nyapara wake alikuwa kijana wa kumzaa. Jumapili wakikutana kanisani anamwamkia vizuri tu. Jumatatu anamwita mbwa. Basi na wewe niamkie nje. Ukimaliza, ingia ndani unitukane."

Mikumi nilimwamkia nyuma ya pazia mara tatu.

"Marahaba. Inatosha, mwanangu, nenda."

Wakuu, sauti iliyotoka sikuijua. Mzigo ukaanguka, majani yakatawanyika, hakuna aliyecheka. Mzee alitakiwa kusema "nisamehe bwana", lakini hakusema. Alipiga magoti akaokota jani moja moja.

Sikujua kama anaigiza. Mwili mzima uliniambia nikamsaidie. Nikabaki nimesimama, fimbo mkononi. Alipomaliza kuokota ndipo akasema, kwa sauti ndogo, "Nisamehe bwana."

Tulipotoka, Dada Rehema akanishika bega. "Unyapara ni wako mpaka mwisho wa msimu."

Sikufurahi. Mzee Komba alikuwa kwenye benchi, kaelekea ukutani. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

Mnajua uzito wa mzee kutokuitikia shikamoo yako. Njia nzima ya kurudi alikaa mbele na dereva.

Usiku sikulala. Asubuhi nikapiga hodi kwake.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Nafasi namwachia Side."

Akanisogezea kigoda. "Nilikuwa mdogo, nimempelekea baba uji shambani. Nikamwona anaokota vile. Hakuniangalia, na mimi nikajifanya sijaona. Mpaka anakufa hatukulizungumza. Jana ndiyo nimeliona vizuri, hata shikamoo yako nikashindwa kuiitikia. Sasa huyo Side atanichekesha tu."

"Nisiache?"

"Jumamosi tunakwenda Zombo. Fokea vilevile. Ole wako unionee huruma."

Nilichojifunza: heshima niliyokuwa naiogopea mzee hakuihitaji pale jukwaani. Alihitaji niwe mbaya kama yule mtu alivyokuwa, ili naye aweze kuokota majani ya baba yake mbele za watu.

Bado naogopa, na Zombo ni keshokutwa. Walioigiza na wazazi au wazee wao, mlifanyaje? Na kama nyumbani kwenu kuna aliyekuwa manamba au nyapara, aliwasimulia nini? Naomba maoni, nitasoma yote, taratibu.