Tasnifu ya S. Moen

Kwa miaka thelathini Solfrid aliwasumbua wanafunzi wa chuo chetu, huku kaskazini mwa Norwe, kwa sentensi moja: usinukuu kitabu usichokifungua. Mimi ni mkutubi mwenzake, tuliketi meza moja, na nakiri sentensi hiyo ilinichosha masikio. Mwanafunzi akileta marejeo ya kuokoteza, Solfrid alimrudisha rafuni kama mama anayemrudisha mtoto kunawa mikono.

Februari moja akaja Tiril, wa mwaka wa pili wa jiografia. Miaka miwili kabla, theluji iliporomoka kutoka mlima wa Skardvik ikafukia nyumba nne mpya, na kaka yake Jostein akafia katika mojawapo. Sasa alikuwa akiandika kazi ya chuo kuhusu mlima huo, na mwalimu ameshaikataa mara moja.

"Anasema vyanzo vyangu ni porojo za magazeti," alisema. "Lakini kila mtu anaandika kwamba mlima ule haujawahi kuporomosha theluji. Nataka kujua nani alianza."

"Basi tuwafuate mmoja mmoja mpaka tumkute," Solfrid akamwambia. "Kaa hapo. Na hiyo kahawa iweke mbali na vitabu vyangu, binti."

Gazeti lilinukuu mpango wa halmashauri ulioruhusu ujenzi. Mpango ulinukuu ripoti ya mhandisi. Ripoti, ukurasa wa mwisho, ilinukuu tasnifu ya mwanafunzi: S. Moen, 1989.

Nilimwona Solfrid akivua miwani. Moen ni jina lake la kabla ya kuolewa. Tiril hakulijua, mimi nililijua.

"Tasnifu za zamani ziko stoo, chini," akasema taratibu. "Nyingine zilipotea tulipohama jengo."

Haikupotea hata moja. Akashuka, akakawia, na mimi nikatamani arudi mikono mitupu. Aibu hiyo ni yangu.

Alirudi na vitu viwili: tasnifu, na nakala ya rejista ya mazishi ya kanisa la Skardvik. Tasnifu ilitegemea kitabu cha historia ya kijiji, kisichotaja mporomoko wowote, kile ambacho huku kila kijiji kinacho na hakuna anayethubutu kukibishia. Rejista ilikuwa na majina saba ya mwaka 1868, wote wamefukiwa na theluji.

Tiril aliyasoma yote kwa sauti ndogo. "Huyu Moen bado yu hai?"

"Ni mimi."

"Na rejista hii ilikuwepo wakati ule?"

"Ilikuwepo, kwenye stoo ya maktaba yetu. Kitabu cha kijiji tulikuwa nacho nyumbani, nikakiamini. Nilikuwa na haraka ya kumaliza. Sikushuka ngazi."

Tiril hakulia, wala hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alivuta daftari lake, akatafuta ukurasa mtupu.

"Kwenye marejeo niandike jina lipi, Solfrid? La zamani au la sasa?"

"Yote mawili," Solfrid akasema, akasimama pale mpaka yalipoandikwa.