Mume Wangu Anasema Mungu Alimwita kwa Moto Ulioniunguza

Admin, ficha jina langu tafadhali, na la kanisa letu pia. Mimi ni mama wa miaka sitini na sita, niko Isiolo tangu nilipoolewa. Naandika polepole maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki, na mkisoma mtajua kwa nini.

Bwana yangu alinitoa Meru mwishoni mwa miaka ya sabini. Alikuwa karani katika ofisi ya mifugo, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Bulla Pesa, hapa Isiolo. Alikuwa mtu mzuri mpaka apate mshahara. Akipata, alikunywa chang'aa mpaka akasahau ana mke na mtoto, na akirudi, kosa la kila kitu lilikuwa langu.

Jumamosi moja mchana, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa nimechuchumaa mlangoni napika maharagwe kwa stovu ya mafuta ya taa. Akaja amelewa.

"Chakula kiko wapi?"

"Baba Kendi, ngoja kidogo, hayajaiva."

Akaipiga ile stovu teke. Kelele sikumbuki, nakumbuka tu leso yangu ikiwaka. Jirani yetu Mborana, Mama Halima, ndiye alikuja mbio na blanketi akanifunika, akanishikilia huku mikono yake mwenyewe ikiungua.

Nilikaa hospitali miezi mingi. Mikono, shingo, kifua, yote ilikuwa nyama tupu. Wakinibadilisha bandeji nilipiga mayowe mpaka sauti ikaisha. Nilimwomba Mungu aniambie neno moja tu. Hata "vumilia" ningeshukuru. Sikusikia kitu.

Lakini bwana yangu alisikia. Siku moja alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati safi, akapiga magoti kando ya kitanda akilia. "Mama Kendi, nimeokoka. Mungu aliniita mara nyingi nikakataa, sasa ameniita kwa moto." Nilifurahi, sitadanganya. Nikadhani neno litakalofuata ni "nisamehe". Halikuja. Mpaka leo halijakuja.

Pombe aliacha kweli, na hakuninyanyulia mkono tena. Hilo nampa. Akaanza kuhubiri, kwanza sokoni, halafu Ngaremara, halafu hata Kipsing, na kila mahali alienda na mimi. Katikati ya mahubiri aliniita mbele, akanikunjia mikono ya nguo yeye mwenyewe, akainua mkono wangu watu waone. "Tazameni Mungu anavyomtafuta mwenye dhambi! Stovu ililipuka yenyewe, nikajua ni Yeye ananiita!" Wanawake walilia, wanaume walikuja mbele kuokoka. Mimi nilisimama pale kama ng'ombe mnadani.

Siku moja tukiwa nyumbani nikamuuliza, "Kama Mungu alikuwa anaongea na wewe, mbona niliungua mimi?"

Akajibu bila hata kufikiri, "Wewe ulikuwa chombo chake."

Nikaenda kulia kwa Mama Halima. Yeye hakunieleza habari ya Mungu. Alinipaka samli kwenye makovu, akanipa chai ya maziwa ya ngamia. Ameshakufa sasa, na hakuna mwingine aliyejua ile stovu ilianguka vipi, ila mimi na bwana yangu.

Sasa kanisa linamfanyia mzee wangu ibada ya shukrani kwa utumishi wake. Juzi pasta, kijana mdogo tu, alikuja nyumbani. "Mama, tunaomba ushuhuda wako. Na tafadhali vaa nguo ya mikono mifupi, vijana waone kazi ya Mungu."

Alipoondoka nikamwambia mzee, "Jumapili kwenye ibada sema ukweli, wewe mwenyewe. Sema uliipiga teke."

Akaweka kikombe chini. "Mungu alishanisamehe akasahau. Wewe ni nani umkumbushe?"

"Mungu hakuungua," nikamjibu. Akachukua kofia akatoka.

Najua kuna wale wataniambia Yesu naye aliteseka. Najua, nimeisoma Biblia kuliko mzee. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama akasema ile misumari ilijipigilia yenyewe.

Watoto wangu hawajui. Wamelelewa na baba aliyeokoka, wanampenda sana. Na wale walioacha pombe wakisikia mahubiri yake, wakalea watoto wao vizuri, nikifungua mdomo si nitawavunja imani? Na nikinyamaza, nitazikwa nikiwa mfano kwenye mahubiri ya mtu. Kuomba sijaacha. Bado namuuliza Mungu kama siku ile alikuwa na neno lolote kwangu mimi, ama ilikuwa ni mlevi tu na mguu wake.

Ibada ni Jumapili hii. Nyinyi mnaosoma, hasa akina mama, niambieni: nikipewa kipaza sauti, niseme nini?