Nani Hakuliliwa

Walisema sitarudisha hata msumari. Fundi cherehani, aliyekuwa ameniazima jenereta yake, alitangaza mbele ya watu kwamba mimi sitamiliki kamwe kitu kinachofunguliwa kwa ufunguo. Mzee wa reli, aliyeniazima kaseti zake zote za filamu za kutisha, alisema nitaishia kuuza karanga pale stesheni, na hizo karanga nitazila mwenyewe. Maneno yao niliyabeba mbali sana. Niliporudi, nilirudi nayo pamoja na diploma ya ufundi wa elektroniki, ambayo leo imetundikwa ndani ya kioo kwenye karakana yangu hapa Alunguli, mtaa wa Kindu ulio kando ya mto. Anayetaka kuisoma na aje. Mlango unafunguliwa kwa ufunguo.

Mtu mmoja tu hakunicheka. Alikuwa mama muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, jirani yetu, aliyekuwa na televisheni aliyoachiwa na marehemu mumewe. "Muache mutoto aitumie," alisema. "Kitu kikikaa bure kinaoza." Mwanawe wa pekee alikuwa rafiki yangu, na pia mpinzani wangu mkubwa katika mambo ya filamu.

Hivyo ndivyo nilivyofungua nyumba ya video bila kuwa na kitu changu hata kimoja, isipokuwa mdomo. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, tulikuwa tunaziba madirisha kwa magunia na kuwasha jenereta. Vijana wa ng'ambo ya mto walipenda filamu za ngumi. Sisi tulipenda maiti. Tulipenda filamu za zamani zisizo na rangi, zenye majumba makubwa kwenye ukungu, majeneza, mishumaa, na milango inayolia kabla haijaguswa. Kaseti hizo mzee wa reli aliachiwa na injinia mgeni, zamani treni zilipokuwa bado zinafika kwa ratiba.

Tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa tamthilia ya vipande vingi. Nyumba juu ya kilima, mjane anayepanda ngazi na taa mkononi, na mumewe marehemu ambaye hubisha hodi kila mvua inaponyesha. Kaseti ya mwisho haikuwemo. Injinia aliondoka nayo, au aliisahau ndani ya mashine yake. Kwa hiyo tulizirudia zile zilizokuwepo, tukabishana, tukazirudia tena.

Mfasiri nilikuwa mimi. Lugha ya filamu sikuijua, lakini hilo halikunisumbua. Mjane nilimpa maneno makali ya kina mama wa sokoni, na mtumishi wake nikamfanya aongee polepole, kwa madaha, kama wazee waungwana wa Kasongo. Watu walicheka hadi wakalia. Mpaka leo hakuna aliyefasiri kama mimi katika mji huu.

"Yaya," mwana wa yule mama alikuwa ananiambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "weye unatafsiri meno, si maneno. Ile mwanamuke amesema neno moja, weye umetuletea mahubiri."

"Maneno yao iko na uzito. Neno moja linabeba mengi."

"Basi lipunguzie mzigo, litavunjika mugongo."

Filamu ikiisha tulikuwa tunatoa magunia madirishani, mwanga unaingia, na hapo kesi inaanza. Desturi hiyo sijaikuta mahali pengine popote, na nimetembea. Hatukuuliza nani amemuua nani. Tuliuliza swali moja tu: nani hakuliliwa? Kwetu sisi ilikuwa wazi kwamba mfu haamki bure. Anaamka kwa sababu kilio chake hakikufanyika sawasawa, na kazi ya mtazamaji ni kulitafuta kosa hilo.

"Muangalie mazishi yake," rafiki yangu alikuwa anasema, amesimama mbele yetu kama wakili, na watu akiwaita bantu kama tunavyosema mtaani. "Bantu wamesimama na miavuli. Hakuna hata mumoja amejitupa chini. Mama ya marehemu nywele zake zimesukwa vizuri kabisa. Muntu unamuzika hivyo, halafu unategemea alale?"

"Na yule padri wao," alidakia fundi cherehani, ambaye ni Mwislamu na hajawahi kukosa filamu hata moja ya majeneza, "anasoma kitabu kama mtu anayesoma bei ya mafuta."

Mzee wa reli alilaumu jeneza. Kwa maoni yake misumari ilikuwa mingi kupita kiasi, na mtu aliyefungiwa hivyo hana la kufanya ila kujaribu kutoka.

Mama muuza makayabu alikuwa anasikiliza akiwa mlangoni, beseni lake la samaki likiwa miguuni. Siku moja alisema, "Ninyi wote munahangaika bure. Ile bwana hakufa."

Tulimcheka.

"Nani alimuona ndani ya sanduku?" aliuliza. "Walileta sanduku limefungwa. Mimi sikumuona. Ninyi mulimuona?"

"Mama, anabisha hodi na mvua, na uso mweupe," mwanawe alimwambia. "Unataka afe namna gani?"

"Nataka nimuone."

Kisha vita vikafika mjini. Sitaeleza vita, walioviona wanavijua. Televisheni na jenereta vilichukuliwa na askari asubuhi ileile ya kwanza. Mama alikuwa amekwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mto, na njia ya kwenda huko ilikuwa imekatika. Rafiki yangu na mimi tulikimbia na kundi la watu, tukavuka mto kwa mtumbwi, mbali na huko, na kushika njia ya msituni kuelekea kijiji cha Tunda. Wengine walibeba masufuria na magodoro. Yeye alibeba gunia la kaseti.

"Kaseti bila tele ni matofali," nilimwambia.

"Bantu watafika huko wamekasirika. Watahitaji kitu cha kubishania."

Njiani alinishika mkono na kunitaka niahidi jambo moja. Kama mmoja wetu angeipata ile kaseti ya mwisho, asiitazame peke yake. Nikaahidi. Tulikuwa bado tunatembea vizuri wakati huo.

Baadaye akashikwa na homa, na dawa hatukuwa nayo. Tulimbeba kwa zamu kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye miti miwili. Hata hapo hakuacha utani. "Nikifa, yaya, unililie kwa nguvu," alinong'ona. "Usije ukasimama kama bantu wa miavuli, nikaanza kukubishia hodi." Nikamwambia anyamaze, apumzike. Alifariki karibu na Tunda, kabla jua halijapanda sana.

Nilichimba mimi, kwa jembe la mama mmoja wa kundi letu. Askari walikuwa barabarani, karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakicheka. Mtu aliyetuongoza alitupitia mmoja mmoja, kidole mdomoni. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kifuani ili asitoe sauti. Rafiki yangu nilimwekea lile gunia la kaseti chini ya kichwa, kwa kuwa zilikuwa zimelowa na zisingefaa tena, na sikuwa na mto mwingine. Tukamfukia. Tukasimama pale kimya, mikono pembeni, macho makavu, kama wale watu wa filamu. Hata miavuli hatukuwa nayo. Nikachomeka kijiti, tukaondoka.

Nilitembea mpaka ziwa kubwa la mashariki, nikavuka, nikaishi ugenini miaka mingi. Mchana nilikuwa natengeneza redio za watu. Jioni nilikaa darasani na vijana walioweza kuwa wadogo zangu wa mwisho. Nilijifunza Kiingereza, lugha ileile niliyokuwa naitafsiri bila kuijua. Mwalimu wetu alisema mkono wangu hautetemeki hata kwenye waya mwembamba kuliko unywele. Diploma ilipotoka, sikuifunga kwenye mfuko. Niliivaa ndani ya shati mpaka chumbani kwangu.

Habari za mwanawe nilimtumia mama mapema sana, kwa mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa anarudi Kindu. Jibu lilinifikia baada ya muda mrefu, kwa mdomo wa mtu mwingine: "Aliyemuona ndani ya shimo aje mwenyewe." Sikushangaa. Katika ukoo wao kilio hakianzi kwa maneno ya kutumwa. Anatakiwa yule aliyetia mkono kaburini, naye alete udongo wake, akauweke mchana mbele ya watu. Bila hivyo mtu anahesabiwa yuko safarini. Kwa hiyo mama alikuwa bado anamwekea sahani. Aliyeniletea jibu aliiona ile sahani kwa macho yake.

Nilirudi kwa njia ya Tunda. Kijiti changu kilikuwa kimekuwa mti, na wenyeji hawakuukata kwa sababu walijua kuna mtu chini yake. Nikachota udongo, nikaufunga ndani ya kitambaa cheupe.

Nilipofika nilianza na walionicheka. Ndivyo nilivyo. Jenereta mpya niliipeleka kwa fundi cherehani wakati duka lake limejaa wateja. Aliizunguka, akaipiga piga kama anapima mbuzi.

"Yangu ilikuwa nyekundu," alisema.

"Na hii inawaka."

Akanikumbatia, akaanza kuniuliza kama ugenini wanazika kimya kimya kweli. Mzee wa reli nilimpa filamu zake zote, nilizozikusanya ugenini moja moja, zikiwa ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha. Aliiangalia sana kiganjani. "Na maboksi yake yako wapi?" aliuliza. "Zangu zilikuwa na picha." Lakini nilipomwambia kwamba humo ndani mna kipande cha mwisho, na kwamba mimi mwenyewe sijakitazama, aliketi.

Televisheni ya mama niliibeba mwenyewe, begani, kubwa kuliko ile ya zamani, na watu wa mtaa mzima wakanifuata. Mama alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alinishika uso kwa mikono miwili. Alisema tu, "Weka pale ilipokuwa." Kitambaa cheupe kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikusudia kukitoa hapohapo, lakini tayari mzee wa reli alikuwa anaziba dirisha kwa gunia, na fundi alikuwa amekuja na jenereta yake, na mama akaniambia, "Kwanza tuone. Nimengoja."

Tulikaa kama zamani, ingawa nafasi zilizobaki wazi zilikuwa nyingi. Mjane akapanda ngazi na taa yake. Nikafasiri, safari hii neno kwa neno, na kwa kweli mjane yule ni mtu mpole, hana ukali wowote; wenzangu walinung'unika kwamba nimemharibu. Kisha wakafika makaburini, wakang'oa misumari, wakafungua jeneza. Ndani yake mlikuwa na mawe. Mlango wa nyumba ukafunguka, mume akaingia amelowa, akatoa kofia. Mjane akasema maneno machache.

Mkono wangu ukaenda kwenye mfuko wenye kitambaa.

"Amesema nini?" mama aliuliza. "Fasiri, mwanangu."

Zamani ningempa maneno mengine. Nilikuwa nayo tele. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kuyatafuta. Lakini sikusoma miaka yote ile ili nimdanganye mama huyu, nyumbani kwake.

"Amesema: Nilijua uko hai. Sikukulilia kwa sababu nilijua."

Fundi cherehani alipiga paja lake. "Ehe! Kumbe mama alishinda kesi tangu zamani, na sisi tunalaumu padri wa watu bure." Mzee wa reli akaanza kucheka, kisha akaacha.

Mama hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha televisheni, ambako yule bwana alikuwa anakausha nywele karibu na moto. Niliona mikono ya mama imefumbatana mapajani, kama mtu anayeshikilia kitu kisimponyoke.

"Nilisema mimi," alisema taratibu. "Hawakumuona ndani ya sanduku." Ndipo akanigeukia. "Na wangu? Nani alimuona?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nilitoa kitambaa, nikakifungua juu ya kiganja chake.

"Mimi, Mama. Nilichimba mimi. Nilimlaza mimi, na kaseti chini ya kichwa."

Aliugusa udongo kwa kidole kimoja, akauponda kidogo, kama anavyopima chumvi ya samaki wake.

"Mulilia?"

"Hapana, Mama. Askari walikuwa karibu. Tulisimama tu."

"Kama bale bantu."

"Kama bale bantu."

Aliinuka. Akaondoa gunia dirishani kwa mkono wake mwenyewe, mwanga ukaingia. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni. Mwanamke mmoja jirani alikwenda jikoni bila kuambiwa, akaichukua ile sahani, akaigeuza juu chini. Fundi cherehani alitoka nje, akazima jenereta ili sauti zetu zifike ng'ambo ya mto, kwa dada yake mama. Na mama alipotoa ile sauti ya kwanza, mimi, mwenye diploma, nisiyedaiwa tena jenereta wala kaseti wala televisheni, nilitoka uani, nikajitupa chini mbele ya mtaa mzima, na suruali niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, nikamlilia rafiki yangu kwa nguvu kama alivyoniagiza.